Turubai Likishang'olewa: Mwongozo Kamili wa Kuishi na Msiba Baada ya Matanga

Siku ya tatu baada ya kumzika mama yangu mjini Tanga, mara tu hitima ilipokwisha, vijana wawili walikuja na mkokoteni kuchukua turubai na viti vya kukodi. Walifanya kazi yao kwa heshima na kwa haraka, kwa kuwa mtaa wa pili palikuwa na msiba mwingine uliokuwa ukivisubiri viti hivyo hivyo. Kufikia alasiri, uani hapakubaki kitu isipokuwa matundu manne ya nguzo, mkeka uliosahauliwa, na sufuria moja kubwa ambayo hakuna jirani aliyekuja kuidai. Nilikaa barazani nikiyatazama yale matundu, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba mama amekufa. Siku tatu zilizotangulia nilikuwa nikiulizwa mambo mengine kabisa: mchele umetosha, nani atawapokea wageni wa Dar es Salaam stendi, imamu ameshaarifiwa.

Naanza na hapo kwa sababu mwongozo huu umejengwa juu ya jambo moja. Jamii zetu zinajua kuzika. Mfiwa hakosi mtu wa kumpikia, wa kumchimbia kaburi, wa kulala naye msibani kwenye jamvi. Anachokosa ni mtu wa wiki ya sita, wakati rambirambi zimekwisha, ndugu wamerudi makwao, na yeye ndiyo kwanza huzuni inamjia ikiwa kamili. Kwa hiyo nitazipitia siku za mwanzo kwa kiasi cha kutosha tu, kisha nitakaa zaidi kwenye siku zile ambazo hakuna anayekuja kuhani.

Kwanza: fahamu kinachokupata

Wengi wamesikia kwamba huzuni ina hatua tano, nazo ni kukana, hasira, kusihi, sonona na kukubali. Maelezo hayo yalitolewa mwaka 1969 na daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross, mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi Chicago. Kinachosahauliwa ni kwamba aliyapata kwa kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa wao wenyewe, wala hakuwa akiwachunguza watu waliofiwa. Mfiwa anayejipima kwa hatua hizo huishia kujilaumu bure, akijiuliza mbona hajakasirika bado, au mbona alikwisha kukubali na leo analia upya sokoni mbele ya fungu la bamia.

Sisi wa pwani tuna mfano ulio karibu zaidi na ukweli. Huzuni huja kama maji ya bahari: yanajaa, yanapwa, yanajaa tena, na zipo siku za bamvua ambapo yanafika mahali ambapo hukutegemea. Tofauti ni kwamba mvuvi anaijua tarehe ya bamvua kwa kuutazama mwezi, ilhali mfiwa anaweza kuzolewa na harufu ya sabuni, sauti ya mtu akikohoa nyuma yake ndani ya daladala, au kiti kitupu mezani. Kadiri miezi inavyopita, maji huchelewa kujaa na huwahi kupwa, ingawa hayakauki.

Mwili nao unafiwa. Usingizi hukatika saa tisa usiku, chakula hukosa ladha, kifua hubana, magoti hulegea, na kumbukumbu hupotea kiasi kwamba mtu mzima anaweza kusimama jikoni asijue alifuata nini. Hayo yote ni ya kawaida kwa majuma ya mwanzo. Maumivu makali ya kifua au kuishiwa pumzi, hata hivyo, si mambo ya kuvumilia kwa hoja kwamba ni uchungu tu. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza hali ambayo moyo hulegea ghafla kutokana na mshtuko mkubwa, ukafanana kwa umbo na chungu cha kutegea pweza. Waliipa hali hiyo jina la mtego huo, takotsubo. Wanaopatwa nayo zaidi ni wanawake wa makamo na wazee, na dalili zake huwezi kuzitenganisha na shambulio la moyo bila vipimo vya hospitali.

Jambo la tatu ambalo watu hulificha ni kumsikia au kumwona marehemu. Unasikia kandambili zake barazani, au anakuita jina kwa namna ambayo hakuna mwingine anayekuita hivyo. Mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales, W. Dewi Rees, alichapisha matokeo ya mazungumzo yake na wajane na wagane 293, na karibu nusu yao walikuwa wamewahi kuhisi kwamba mwenzi wao yupo, baadhi wakimwona au kumsikia kabisa. Wengi wao hawakuwahi kumwambia mtu yeyote. Kwetu mtu akisema hivyo hukimbizwa kwa mganga kabla hajamaliza sentensi, na gharama ya kuku mweusi huongezwa juu ya gharama za mazishi. Kama sauti hiyo haikuamrishi ujidhuru wala kumdhuru mwingine, na unajua kwamba marehemu amekufa, basi ni akili iliyomzoea mtu kwa miaka mingi ambayo bado inamngojea.

Siku za mwanzo: kubali kubebwa, lakini shika mambo machache

Katika siku za mwanzo waache watu wakufanyie. Mfiwa hana sababu ya kusimamia jiko wala kuhesabu viti. Hata hivyo, yapo mambo machache ambayo yakiharibika wakati huo hayatengenezeki baadaye, na ni afadhali uyaseme mapema kwa mtu mmoja unayemwamini.

Teua mtu mmoja wa kushika fedha na daftari la rambirambi, na mwingine wa kushika nyaraka za marehemu: kitambulisho, kadi za benki, hati ya nyumba, kadi ya gari, na simu yake. Msibani hupita watu wengi, na si wote waliokuja kulia. Mtaani wanasema kufa kufaana, na anayefaidika mara nyingine ni shemeji aliyejitolea kulala chumbani kwa marehemu ili kulinda vitu.

Hakikisha wafiwa wenye presha, kisukari au ugonjwa mwingine wa kudumu wanaendelea na dawa zao. Hili linasahauliwa mno. Mjane wa umri wa miaka 60 anakaa chini kwenye mkeka tangu asubuhi, hajala, hajanywa maji, dawa ziko kabatini katika chumba kilichojaa wageni, na siku ya nne anaanguka. Mpe kijana mmoja kazi hiyo tu: dawa, uji na maji, asubuhi na jioni.

Amua mwenyewe kama unataka kuuona mwili. Wapo watakaokuzuia kwa nia ya kukulinda, na wapo watakaokusukuma hadi kwenye jeneza ukiwa huwezi kusimama. Kwa wengi, kuuona uso wa marehemu kwa utulivu, pengine kabla umati haujafika kuaga, husaidia akili kukubali kilichotokea. Lakini kama kifo kilikuwa cha ajali na mwili umeharibika, mtangulize ndugu mwenye moyo mgumu, akueleze alichokiona, kisha ndipo uamue.

Jambo la kulia nalo linahitaji kusemwa. Jamii nyingine hulia kwa sauti kubwa mpaka sauti zikauke, na nyingine huhimiza subira na kukataza kupiga mayowe. Kutolia si ushahidi kwamba hukumpenda marehemu. Nilimsikia shangazi mmoja akimnong'oneza mwenzake kuhusu kaka yangu, «huyu hata chozi», na kaka aliyasikia maneno hayo. Amekaa nayo miaka yote hii.

Hapa sina budi kutoa neno kuhusu watani, kwa sababu naona vijana wa mjini wameanza kuwaonea haya. Mahali ambapo utani bado una nguvu, kama kati ya Wazaramo na Wanyamwezi au kati ya Wahehe na Wangoni, mtani huingia msibani akavaa koti la marehemu, akatembea kama yeye, akadai deni ambalo marehemu hakulipa, akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote. Mara moja niliona mtani akimwiga mzee aliyekuwa na tabia ya kutoa miwani, kuifuta kwa ncha ya shati na kuivaa tena kabla ya kujibu swali lolote. Mjane, aliyekuwa hajala siku mbili, alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akalia, kisha akaomba chai. Hakuna dawa ya duka lolote ambayo ingeweza kufanya hivyo kwa dakika tano.

Karatasi, wakati bado una watu wa kukusaidia

Mambo ya kiserikali yanachosha, na huzuni huyafanya yawe mazito mara mbili, kwa hiyo yaanze mapema ukiwa bado na ndugu wa kukusindikiza. Tanzania Bara, kifo kinatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 30, na cheti cha kifo hutolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, kupitia ofisi zake na za wilaya. Tunza kibali cha mazishi na karatasi ya hospitali, kwa kuwa ndivyo vinavyoanzisha safari hiyo. Nchini Kenya, kifo kilichotokea nyumbani huanzia kwa naibu wa chifu. Toa nakala nyingi za cheti, kwa kuwa benki, mfuko wa hifadhi ya jamii, mahakama na kampuni ya simu kila mmoja atataka yake.

Mali ya marehemu haigawanywi kikaoni kwa sauti ya aliye mkubwa. Kikao cha familia kinaweza kupendekeza msimamizi wa mirathi, lakini anayempa mamlaka ni mahakama. Wajane wafahamu pia kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya Tanzania inampa mjane hiari ya kuishi anakotaka, na ya kuolewa tena au kutoolewa, hata kama mila inasema vinginevyo. Mtu akikuambia kwamba umerithiwa pamoja na shamba, mwambie akuoneshe kifungu. Nimeingiza hili katika mwongozo wa huzuni kwa makusudi. Mtu hawezi kuomboleza huku akilinda mlango wa nyumba yake, na wajane wengi ninaowafahamu walianza kumlilia mume mwaka wa pili, kesi ilipokwisha.

Wiki ya pili hadi mwezi wa sita: kazi yenyewe

Matanga yameanuliwa, kila mtu amerudi kwenye shughuli zake. Sasa fanya nini?

Mwaka 1999 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Utrecht nchini Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza kwamba mfiwa anayeendelea vizuri huenda na kurudi baina ya pande mbili. Upande mmoja ni kumkabili marehemu: kumlilia, kumkumbuka, kutazama picha zake. Upande wa pili ni kukabili maisha yaliyobaki: ada ya shule, bomba linalovuja, kujifunza kupika au kuendesha gari ambalo yeye ndiye aliyekuwa akiliendesha. Anayekaa upande wa kwanza peke yake huzama, na anayekaa upande wa pili peke yake, akijifanya ana shughuli nyingi, huahirisha tu. Maelezo haya yamenisaidia kuliko yote niliyoyasikia, kwa kuwa yananiondolea hatia: siku niliyocheka sikumsaliti mama, na siku niliyolia sikurudi nyuma.

Kwa vitendo, jiwekee siku yenye mifupa. Amka saa ile ile, oga, vaa nguo za kutokea hata kama hutoki, kula hata kama ni uji, tembea nusu saa kabla ya jua kuwa kali. Usiongeze juu yake malengo makubwa. Kisha tenga muda wa huzuni yenyewe: mimi nilitenga baada ya sala ya magharibi, nikakaa kwenye kiti chake, nikasikiliza jumbe zake za sauti. Siku nyingine nililia, siku nyingine nilisinzia. Kilichonishangaza ni kwamba mchana ulianza kupumua, kana kwamba huzuni, ikishajua kwamba ina saa yake, haikuwa na haja ya kunivamia kazini.

Usingizi ndio mgumu kuliko yote. Usinunue dawa za usingizi duka la dawa kwa ushauri wa jirani, na usizoee pombe kama mto wa kulalia. Vyote viwili hukupa usiku mmoja na kukuchukulia mwezi. Kama ulikuwa ukilala kitanda kimoja na marehemu, geuza mpangilio wa chumba, au lala upande wake. Wajane kadhaa wameniambia kwamba upande mtupu ndio unaowaamsha, na walipohamia upande huo wakalala.

Mtafute mtu wa kuzungumza naye ambaye hatakukatiza. Anaweza kuwa shemeji, mwalimu wa madrasa, katekista, au rafiki aliyefiwa kabla yako; aisifuye mvua imemnyea. Mweleze kwa mapana, hata kama ni mara ya kumi, jinsi siku ya mwisho ilivyokwenda. Ukiona ndugu wanageuza mazungumzo kila unapomtaja marehemu, usiwachukie. Wanadhani wanakulinda. Waambie wazi: «Napenda mkimtaja.»

Sasa tuzungumzie vitu vyake. Siku ya nne baada ya mazishi, dada yangu, kwa nia njema kabisa, alizifua kanga zote za mama, akazianika juani, akazipiga pasi na kuzipanga tayari kugawa. Zilikuwa kanga 19. Nilipofungua sanduku nikakuta harufu ya sabuni ya unga mahali palipokuwa na harufu ya udi na karafuu, nilimfokea kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Yeye alikuwa akifanya kama tulivyofundishwa, kwamba vitu vya marehemu vitolewe sadaka mapema ili thawabu imfikie. Hakukosea katika nia. Kilichokosekana ni kuulizana. Kwa hiyo pendekezo langu ni hili: kabla hamjafua wala kugawa, kila mtoto, mjane au mgane achague kitu kimoja kisichoguswa, kibaki kama kilivyo hata kikiwa kichafu. Vingine vyote vinaweza kutolewa sadaka hata kesho.

Maamuzi makubwa yasogeze mbele kadiri hali inavyoruhusu. Usiuze nyumba, usihame mji, usiache kazi, usimkopeshe mtu fedha za kiinua mgongo cha marehemu, na usiingie kwenye ndoa katika miezi hiyo ya mwanzo. Watakuja watu na mawazo ya biashara. Waambie kwamba utawajibu baada ya mwaka; aliye mkweli atasubiri.

Eda na vipindi vingine vilivyopangwa

Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, na akiwa mjamzito eda yake hukoma anapojifungua. Watu wa nje huiona kama kifungo, na ni kweli kwamba familia nyingine huigeuza hivyo. Lakini wajane wengi hueleza kwamba ilikuwa ngao: hakuna aliyetarajia wavae vizuri, wahudhurie harusi, au waonekane wamechangamka. Tatizo ni upweke, hasa baada ya mwezi wa kwanza ambapo wanaomtembelea hupungua. Kama una mjane ndani ya eda, pangeni zamu ya kumtembelea kwa siku zinazojulikana, na mkumbuke kwamba wanazuoni humruhusu kutoka kwa haja kama matibabu. Asikae na homa ndani kwa kuogopa maneno ya watu.

Kwa Wakristo, misa ya arobaini, ibada ya shukrani au siku ya kuweka msalaba kaburini hufanya kazi inayofanana, ya kuwarudisha watu kwa mfiwa baada ya kutawanyika. Iweni na kiasi tu katika gharama. Familia inayokopa ili arobaini ifanane na harusi inamwongezea mfiwa deni juu ya jeraha.

Watoto

Mwambie mtoto ukweli kwa maneno mafupi: «Baba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hatarudi.» Maneno ya kupoza kama «amelala» au «amesafiri» humfanya mtoto aogope kulala, au akae dirishani akingoja basi. Watoto wadogo hawajaelewa kwamba kifo ni cha moja kwa moja, kwa hiyo watauliza swali lile lile kesho na keshokutwa. Jibu lile lile kwa upole ule ule. Mtoto anaweza kulia dakika mbili kisha akakimbilia mpira, na hiyo si dalili kwamba hajali. Chunguza kimya kimya kama anajilaumu, kwa sababu watoto wengi huamini kwamba ukaidi wao ndio uliomuua mzazi. Mwalimu wake wa darasa aarifiwe, na mtoto asitenganishwe na ndugu zake kwa haraka kwa kugawiwa kwa shangazi na wajomba kama vyombo.

Misiba isiyokalishiwa matanga

Mimba ikiharibika, au mtoto akizaliwa amekufa, mara nyingi mama huambiwa «utapata mwingine» na jioni yake anatarajiwa kuwasha jiko. Huo ni msiba kamili. Mpeni siku zake, mpeni mtoto jina kama wazazi wanataka, na baba naye aulizwe hali yake, kwa kuwa yeye huulizwa tu hali ya mkewe.

Mgumu zaidi ni msiba usio na mwili. Meli ya MV Spice Islander ilipozama usiku wa Septemba 10, 2011 katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, familia nyingi hazikupata mwili wa kuosha wala kaburi la kuzuru. Ilikuwa hivyo pia kwa MV Bukoba, Mei 21, 1996, ambapo baadhi ya waliokufa wamezikwa pamoja Igoma, Mwanza, na wengine wamebaki ziwani. Familia ya namna hii huishi kati ya tumaini na kilio: kila mlango ukigongwa moyo unaruka. Msiwaharakishe waseme «amekufa». Kinachosaidia ni kitendo cha pamoja kisichodai uhakika wote, kama vile sala ya ghaibu, ya kumsalia maiti asiyekuwepo, kwa wanaoifuata, ibada, kupanda mti, au kuandika jina mahali familia inapoweza kwenda kukaa. Ndugu walio ughaibuni, ambao waliona maziko kwa simu wakiwa Muscat au Minneapolis, wana sehemu ya jeraha hilo hilo. Wakija nyumbani mwaka unaofuata, wapelekeni kaburini kabla ya kuwapeleka kula.

Kwa anayekwenda kuhani

Maneno yanayotosha ni machache: «pole sana», au «Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un», au «bwana ametoa, bwana ametwaa» kwa anayeamini hivyo, kisha ukae kimya. Maneno ya «jikaze wewe ni mwanaume», «afadhali amepumzika» na «hata mimi nilipofiwa...» yabaki nyumbani kwako. Usimwambie mfiwa «ukihitaji chochote niambie», kwa kuwa hatakuambia. Mwambie «Jumamosi saa nne nakuja kuwachukua watoto», na uje. Andika kwenye simu yako tarehe ya wiki ya sita tangu mazishi, na siku hiyo mpelekee samaki au unga bila kutaja kwamba ulikumbushwa na simu.

Lini umwone mtaalamu

Huzuni haina kikomo cha siku, lakini ipo hali ambayo inakwama. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya magonjwa huzuni ya muda mrefu inayozidi miezi sita na inayomzuia mtu kuishi. Wataalamu wa Marekani, tangu mwaka 2022, hutumia kipimo cha miezi 12 kwa watu wazima. Vyote viwili huzingatia pia desturi za mahali, kwa hiyo mjane kuvaa nguo nyeusi mwaka mzima hakumfanyi kuwa mgonjwa. Dalili za kuangalia ni hizi: miezi inapita na mtu hawezi kabisa kufanya kazi au kulea, anaona maisha hayana maana, anakwepa kila kitu kinachomkumbusha marehemu au, kinyume chake, hawezi kuondoka kaburini, anakunywa kila siku, amekonda na anaendelea kukonda.

Akisema anataka kumfuata marehemu, usimjibu kwa mahubiri. Muulize waziwazi kama amefikiria kujiua na kwa njia gani, usimwache peke yake, ondoa sumu za mashambani na vidonge ndani ya nyumba, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali za rufaa za mikoa Tanzania hutoa huduma za afya ya akili, na huhitaji kufika Muhimbili au Mirembe ili kuonana na mtu. Kenya, anzia hospitali ya kaunti. Kumwona mtaalamu hakukufanyi kichaa, na sheikh au mchungaji mwenye busara atakusindikiza mwenyewe.

Tarehe zinazorudi

Idi ya kwanza, Krismasi ya kwanza, siku ya kuzaliwa, mwaka wa kifo: hizi ndizo bamvua zinazojulikana tarehe, kwa hiyo zipangie. Amua wiki moja kabla utakuwa wapi, na nani, na mtakula nini. Familia yetu Idi ya kwanza haikupanga kitu, na saa saba mchana sote tulikuwa tumekaa mezani tukingoja pilau ambayo hakuna aliyekuwa ameipika, kila mmoja akidhani mwingine ameshika zamu ya mama. Tukanunua chipsi.

Hifadhi sauti na picha za marehemu mapema, katika sehemu mbili tofauti, na ushughulikie laini yake ya simu na fedha zilizomo kupitia msimamizi wa mirathi, kwa kuwa kampuni za simu huirudisha sokoni namba isiyotumika. Mimi sikulijua hilo. Mwezi wa tisa, usiku mmoja nisipopata usingizi, niliipiga namba ya mama ili tu nisikie inaita. Iliita mara mbili, kisha kijana mmoja akapokea kwa sauti ya usingizi, akauliza, «Halo, nani mwenzangu?» Nikamwambia nimekosea namba.